Fremu Sita za Mjomba

Mjomba alinunua fremu sita za mraba, zenye kioo, kila moja ikitosha jalada la santuri ya inchi 12. Akazipanga sakafuni chini ya ukuta mweupe, akaniita nikamsaidie kuchagua za kutundika. Alidhani ni kazi ya saa moja. Tulianza baada ya adhuhuri, tukamaliza usiku, na hapo katikati tulinuniana mara kadhaa.

Chanzo cha ugomvi ni sharti lake. “Jalada haliingii kwenye fremu,” alisema, “mpaka ndani yake kuwe na wimbo ambao ukiisha narudisha sindano nyuma.” Mimi nikamwambia ukuta hauimbi, Mjomba. Tukitundika, tunatundika picha. Akanitazama kama niliyemtukania mtu wa ukoo.

Kabla hatujagusa chochote alinipa darasa, ambalo nililijua lakini huwa simkatizi. Kwamba zamani santuri ziliuzwa ndani ya mifuko ya karatasi kavu isiyo na pambo, mpaka kampuni ya Columbia ilipomwajiri kijana mmoja mchoraji, Alex Steinweiss, naye mwaka 1940 akawashawishi wachore picha juu ya jalada. Mauzo yakapanda. “Kwa hiyo,” akahitimisha, “picha ilikuja kuuza muziki. Ni mtumishi. Mtumishi hatangulii bwana wake.” Haya.

Ya kwanza haikuwa na mabishano. The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, 1973: pembetatu ya kioo, mwanga mweupe unaingia upande mmoja, unatokea upande wa pili rangi rangi, nyuma yake giza tupu. Wazo lilikuwa la studio ya Hipgnosis, mchoro wenyewe ukachorwa na George Hardie. Hesabu rangi hizo, utakuta ni sita, ingawa tulifundishwa kwamba upinde wa mvua una saba. Mjomba alilifungua jalada kama kitabu, akanionyesha jinsi mstari wa rangi unavyoendelea ndani na kugeuka mapigo ya moyo, yaleyale yanayoanza na kuimaliza albamu. Hapo ndipo aliposita. “Tukiliweka kwenye kioo, haya yote ya ndani ndiyo basi?” Ndiyo basi, nikamjibu. Alikaa kimya akilifungua na kulifunga, kisha akaliingiza mwenyewe kwenye fremu. Wimbo wake hapo ni The Great Gig in the Sky, ule ambao Clare Torry anaimba bila kutamka neno hata moja. Wangu pia. Hatujawahi kukubaliana hivyo tena.

Likafuata Sticky Fingers la Rolling Stones, 1971. Hili nililitaka sana. Wazo la Andy Warhol, yule msanii wa Marekani: kiuno cha mwanamume aliyevaa jinzi, na zipu. Si picha ya zipu, ni zipu ya chuma, inashuka na kupanda. Nikashika kile kikono chake kidogo, nikakishusha, kikaguna. Mjomba akachomoa santuri iliyokuwa ikisimama jirani miaka yote, akanionyesha mgongoni mwake kibonyeo kirefu chenye alama za meno. “Umeona kazi yake? Huyu ni mhalifu.” Tatizo hilo lilijulikana tangu mwanzo kabisa: maboksi yaliporundikwa, zipu ilikandamiza santuri ya juu yake na kuiumiza. Dawa iliyopatikana ni kuishusha zipu mpaka katikati kabla ya kusafirisha, ili ikandamize ile karatasi ya katikati isiyo na muziki. Kwa Wild Horses peke yake jalada lilistahili fremu, hata kwa sheria za Mjomba. Lakini tulipojaribu, kioo kilikataa kufunga. Zipu ikashinda tena. Likarudishwa mwisho wa safu, likiwa limetenganishwa na wenzake kwa kipande cha kadibodi.

Ile ndizi ya The Velvet Underground & Nico ilikuwa na kasoro ya aina nyingine. Ndizi ya manjano kwenye nakala za mwanzo za 1967 ilikuwa stika. Ukiibandua, chini yake kuna ndizi nyingine, ya waridi. Mbele hakuna jina la bendi, lipo la Warhol tu. Nakala ya Mjomba aliipata ikiwa imeshamenywa na mwenyewe wa kwanza, tena vibaya, vijipande vya manjano vimebaki pembeni na gundi imeshika vumbi. Mimi niliona hivyo ndivyo inavyopendeza, maana mchoro wenyewe uliomba umenywe. Yeye aliona kidonda. Isitoshe, Sunday Morning anaisikiliza mara moja na kutosheka. Ikaondoka.

Sasa tuje kwa Survival ya Bob Marley, 1979, maana hapa nina ya kusema. Jalada lote ni bendera za nchi za Afrika, safu kwa safu, kazi ya Neville Garrick. Juu limekatizwa na ukanda wenye jina la albamu, na ukisogeza macho karibu unaona kwamba ukanda ule si rangi tupu, ni mchoro wa watu waliolazwa wamebanana. Ni ule mchoro wa meli ya watumwa, Brookes, wa karne ya 18. Nilikuwa na jalada hilo mikononi kabla sijajua kusoma vizuri. Nililala kifudifudi sakafuni nikimuuliza Mjomba hii ya nani, hii ya nani, naye akinijibu bila kugeuza kichwa. Ile ya Papua New Guinea, ambayo imo humo humo na si ya Afrika kabisa, ilimshinda. Aliniambia “ya mbali hiyo” na kwa miaka mingi niliamini Mbali ni nchi. Baadhi ya nchi zimekwisha kubadilisha bendera tangu hapo, kwa hiyo sasa jalada lenyewe limekuwa kumbukumbu ya Afrika fulani. Kile kilichofichwa kwenye ukanda nilikigundua nikiwa mkubwa, na bado nadhani ndiyo kazi ya jalada iliyo bora kuliko zote ninazozijua. Furaha ya bendera unaipata kwanza, halafu ile meli inakutazama.

Kwa sheria ya Mjomba halikuwa na mjadala. Ana Zimbabwe, wimbo ulioimbwa kabla nchi haijapata uhuru, na Aprili 1980 Marley mwenyewe akaenda kuuimba kwenye sherehe za uhuru huo. Mimi hapo nachukua Ambush in the Night. Akasema hiyo ni kwa sababu sikuwahi kungoja habari za uhuru wa mtu kwenye redio. Sikuwa na jibu.

Kwa Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, tuligombana kwa njia ya ajabu, kwani wote tulimtaka. Wimbo anaoupenda Mjomba kuliko zote za Fela ni Water No Get Enemy, na kwa kanuni yake mwenyewe alipaswa kutundika albamu ya 1975 iliyoubeba. Lakini jina la albamu hiyo, lililoandikwa kwa Kiingereza kinachoeleweka na kila mgeni, si la kusomwa sebuleni mbele ya wakwe. Nilimwacha ajitape kidogo kuhusu bwana na mtumishi, kisha nikaishika mbele ya fremu: “Basi tuitundike hii, Mjomba.” Akacheka mpaka akavua miwani.

Tukachukua Zombie. Lemi Ghariokwu, mchoraji aliyejifundisha mwenyewe, alimtengenezea Fela majalada 26, na hili ndilo ninalolijua kwa vidole: askari na bunduki zao, herufi zinazopiga kelele, hakuna pa kupumzisha jicho. Ndivyo ulivyo na wimbo wenyewe, unapita dakika 12 na kujaza upande mzima. Askari asiyekwenda mpaka aambiwe nenda. Tarehe 18 Februari 1977 askari walioimbwa walikwenda kweli, wakaichoma nyumba ya Fela jijini Lagos na kumtupa mama yake dirishani. Mama huyo, Funmilayo Ransome-Kuti, alifariki mwaka uliofuata. Mjomba alifuta kioo cha fremu hiyo mara mbili, ingawa hakikuwa na vumbi.

Zamu yangu ilipofika nikatoa Unknown Pleasures ya Joy Division, 1979. “Milima gani hii?” Si milima, nikamweleza. Ni mapigo ya redio ya pulsa, yaani nyota inayotuma mapigo kwa mpangilio, ya kwanza kugunduliwa, aliyoiona Jocelyn Bell Burnell mwaka 1967. Kila mstari ni pigo moja, yamepangwa moja juu ya jingine. Bernard Sumner, mpiga gitaa wao, aliukuta mchoro kwenye ensaiklopidia ya elimu ya nyota. Ulikuwa mweusi juu ya karatasi nyeupe, msanifu wa jalada, Peter Saville, akaugeuza kuwa mweupe juu ya weusi, akaacha mbele bila jina la bendi wala la albamu. Mjomba akauliza swali nililoliogopa: ule wimbo wao mashuhuri umo? Haumo. Love Will Tear Us Apart ulitoka peke yake mwaka 1980. “Basi limeanguka,” akasema, na mkono wake tayari ulikuwa kwenye jalada jingine.

Sikubishana. Nikafuta santuri kwa kitambaa, nikaiweka kwenye plea, upande wa kwanza, nikashusha mkono wa sindano taratibu. Mkwaruzo kidogo, halafu ngoma za Disorder zikaingia peke yake, kavu, zikisikika kama zinapigwa kwenye chumba kisicho na kuta. Besi ikafuata, na gitaa baada yake. Mjomba alikuwa amesimama, akaketi. Wimbo ulipoisha hakusema kitu. Aliinuka, akainua sindano, akairudisha mwanzo. Nami nikaanza kufungua fremu ya nne.

Baada ya hapo alilegea, kwa hiyo London Calling ya The Clash ilipita bila taabu kubwa. Paul Simonon anainua gitaa la besi alibamize jukwaani, New York, 1979. Aliyepiga picha, Pennie Smith, hakutaka itumike kwa sababu haikutulia, na hilo lenyewe ndilo linaloifanya isogee mpaka leo. Herufi za waridi na kijani zimeigwa makusudi kutoka albamu ya kwanza ya Elvis Presley ya 1956. Mjomba aligeuza nyuma kutafuta wimbo ninaoupenda, akasoma orodha yote kwa kidole. “Huo Train in Vain haumo hapa.” Umo, ila majalada yalikuwa yameshachapwa ulipoongezwa. Nikamtolea santuri ya pili, nikaiinamisha kwenye taa mpaka ukaonekana, pale sindano inapokwenda kupumzika mwishoni mwa upande wa nne, jina la wimbo likiwa limekwaruzwa kwa mkono kwenye plastiki. Alilisoma kwa shida, akaguna. Nikaona nafasi: “Unaona, Mjomba? Wimbo bora na jalada bora vinaweza kukaa nyumba moja bila kujuana.” Akajibu kwamba hata hivyo vinakaa nyumba moja.

Ikabaki fremu moja. Nilikuwa na zangu tatu nzuri mkononi, zote za jazi. Yeye akaenda kwenye safu na kurudi na ile albamu nyeupe ya The Beatles ya 1968, kazi ya Richard Hamilton. Jalada jeupe pe. Jina la bendi limebonyezwa tu kwenye karatasi bila wino, na chini kuna namba, kwani nakala za mwanzo zilipigwa namba kila moja yake. Ya Mjomba imegeuka rangi ya meno ya mzee, na duara la santuri limejichora mbele kwa kukaa muda mrefu.

“Mjomba, unataka kutundika ukuta juu ya ukuta?”

“Nataka kutundika While My Guitar Gently Weeps,” alisema. “Gitaa la Eric Clapton mle ndani, unataka nichore na ua?”

Nilipigania zangu mpaka sauti ikakauka. Hakuyumba. Ukuta ni wake, fremu ni zake, na nilikuwa nimeshampora moja kwa Disorder. Tukapima kwa pimamaji, tukapigilia misumari, ile nyeupe ikakaa mwisho kulia.

Kuna jambo hatukulifikiria. Maandishi yale yaliyobonyezwa kwenye jalada hayakukaa sawa, yameinama kidogo, yalichapwa hivyo tangu kiwandani. Mgeni akiingia anapita Pink Floyd, anapita bendera, anafika pale, anakunja uso, ananyoosha mkono na kuiinua pembe ya fremu ili jina linyooke. Sasa fremu ndiyo imepinda. Akishaondoka Mjomba anatoa pimamaji kwenye droo, anairudisha mahali pake, na kunipigia simu kuniambia nani safari hii.