Mdhamini wa mdhamini

Uganda ilipotunga sheria ya taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji mwaka 2016, vyama vingi vya akiba mpakani vilianza kuyatazama upya madaftari yao. Chama kimoja cha wafanyabiashara wa Busia, upande wetu wa Uganda, kiliniita mwaka uliofuata nihamishe kumbukumbu zake kwenye kompyuta. Mwenye kumbukumbu hizo alikuwa mweka hazina, mama wa makamo tuliyemwita Hajati. Yeye alisoma kwa sauti kutoka kwenye kaunta buku, na kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwangu akaandika.

Kila mwanachama alikuwa na namba yake na namba ya mdhamini wake. Waanzilishi tu ndio hawakuwa na mdhamini. Kamati ilitaka kujua kila mkopaji anafika kwa mwanzilishi yupi, maana deni likikwama, anaulizwa mdhamini, kisha mdhamini wa mdhamini, mpaka juu kabisa.

Nikaandika programu kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Kiini chake kilikuwa funksheni, yaani kipande cha programu chenye jina lake, inayojiita yenyewe: ipewe namba ya mwanachama, akiwa mwanzilishi, itoe jibu, asipokuwa, ijiite tena kwa namba ya mdhamini wake. Naipenda sana namna hii ya kuandika, kwa sababu inafuata watu wa chama wenyewe wanavyoongea: amedhaminiwa na nani? Na huyo naye?

Majibu yalianza kutoka vizuri, mwanachama mmoja baada ya mwingine. Ghafla skrini ikafurika. Kompyuta yetu ilikuwa na Ubuntu 16.04, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, iliyokuja na Python 3.5, na toleo hilo lilichapisha kila mwito, yaani kila mara funksheni ilipoitwa, peke yake; mistari inayojirudia ilianza kufupishwa kwenye 3.6. Tukawa tunaangalia jina la faili lilelile, namba ya mstari ileile, msimbo uleule, vikishuka mpaka chini kabisa, penye neno RecursionError. Funksheni ilikuwa imejiita kupita kina ambacho Python inaruhusu, na kina hicho, usipokigusa, ni 1000.

Mwito hauishi mpaka ule ulioanzishwa ndani yake urudi na jibu. Wa kwanza unausubiri wa pili, wa pili unausubiri wa tatu, na kila unaosubiri umeshika kipande cha kumbukumbu ya kompyuta. Python inaihesabu hiyo inayosubiri, na ikiona imezidi inakataa kuendelea.

"Kaka, hii ina dawa," kijana akasema. Alikuwa anaijua amri ya sys.setrecursionlimit, inayopandisha kikomo. Akaandika milioni moja, akaendesha. Safari hii hatukupata hata ile orodha ndefu. Yalitokea maneno mawili, Segmentation fault, na Python yenyewe ikawa imekufa. Kwenye Linux nafasi ya stack, yaani kumbukumbu inayoshika miito inayosubiri, kwa kawaida ni megabaiti 8, na katika matoleo ya wakati ule kila mwito wa Python ulikula pia stack ya C, lugha ambayo Python yenyewe imeandikwa kwayo. Hilo lilibadilika kwa kiasi kikubwa mwaka 2022, toleo la 3.11 lilipotoka. Kikomo cha 1000 kiliwekwa ili programu isimame mahali inapoweza bado kusema kilichoipata. Huwa naumia kumwona mtu akikipandisha kabla ya kujiuliza kwa nini kimefikiwa.

Hajati alikuwa kimya muda wote huo. Akauliza hiyo elfu ni ya nini. Nikamweleza kwamba ni mara ambazo tumeulizia mdhamini katika mnyororo mmoja.

"Mwanangu," akasema, "chama kizima hatufiki watu mia saba. Sasa huyo wa elfu ni nani?"

Hapo jambo lilikuwa limekwisha kujulikana. Mnyororo ulionyooka hauwezi kuwa mrefu kuliko idadi ya wanachama. Ukifika elfu, kuna mtu anaulizwa tena na tena, na hata kikomo kingekuwa bilioni, mwanzilishi asingepatikana.

Guido van Rossum, Mholanzi aliyeiunda Python, alieleza mwaka 2009 kwa nini hataki lugha hii ifute miito inayokuja mwishoni mwa funksheni: orodha ya miito ingepotea pale mtu anapotafuta kosa. Mwito wangu ulikuwa wa aina hiyohiyo. Katika lugha kama Scheme, inayoondoa miito ya namna hiyo, programu yetu ingezunguka bila kelele yoyote mpaka tuizime wenyewe. Tangu siku ile niko upande wa Guido.

Orodha ilituonyesha mstari tu, haikutaja namba za watu. Kwa hiyo nikaifanya funksheni ibebe kumbukumbu ya kila namba iliyopitiwa, na isimame ikikutana na moja mara ya pili. Zikatoka namba tatu. Hajati akafungua kaunta buku, kidole kikashuka ukurasani na kusimama kwenye mstari wa mama mmoja mwanachama, penye namba ya mdhamini iliyokatwa kwa kalamu nyekundu. Juu yake palikuwa na namba nyingine, tarehe, na sahihi ya kamati. Mwanzilishi aliyemdhamini mama huyo alifariki, naye akaleta mdhamini mpya kama katiba ya chama inavyotaka. Mdhamini mpya alikuwa amedhaminiwa na mtu ambaye mama huyohuyo ndiye aliyemdhamini. Hakuna aliyedanganya, na kila sahihi ilikuwa halali. Lakini mikopo ya watu watatu ilikuwa imeegemeana yenyewe kwa yenyewe, na wote waliodhaminiwa chini yao nao hawakuwa wakifika kwa mwanzilishi yeyote.

Kamati ikamwita yule mama, akaleta mdhamini kutoka nje ya mzunguko. Kijana ndiye aliyeandika ukaguzi mpya, kwa kitanzi cha kawaida, yaani amri zinazorudiwa bila funksheni kujiita: kabla namba ya mdhamini haijapokelewa, programu inapanda kwanza mpaka juu, na ikimkuta mwombaji mwenyewe njiani inakataa na kuonyesha mzunguko wote. Hajati aliijaribu kwa zile namba tatu za zamani. Ikakataa. Akatuambia tuweke majina badala ya namba, ili kamati isome bila kumtafuta mtu wa kompyuta, na jioni hiyohiyo tukayaweka.