Lori la taka, barabara ya Pugu na dizeli tunayoweza kuiokoa

Kila ninapofuatilia mijadala ya kupunguza hewa ukaa katika miji yetu, mazungumzo huishia kwenye mabasi na bodaboda, huku malori ya taka yakiachwa nje kabisa. Naliona hilo kuwa pengo kubwa, hasa kwa Dar es Salaam, ambako kiroba kinachotolewa mlangoni asubuhi husafiri mbali kuliko mwenyewe anavyodhani.

Umbali huo una historia yake. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda mahakamani kupinga dampo lililokuwa likiwasumbua kwa moshi na harufu, nao wakashinda. Mwaka 1991 wakazi wa Kunduchi Mtongani nao wakapata ushindi kama huo. Katika miaka iliyofuata taka zikapelekwa Vingunguti, kisha Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Wananchi wale walidai haki yao, na ilikuwa sawa wapewe. Hata hivyo, dampo lilipofika Pugu safari ilikuwa imerefuka mno, kiasi kwamba lori linalopakia Bunju au Mbezi Beach na kumwaga huko hulazimika kulivuka jiji zima, kwenda na kurudi, katikati ya foleni.

Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Tuchukue mfano wa lori linalotumia lita moja kwa kila kilomita 3, na safari ya kilomita 60 kwenda dampo na kurudi: hizo ni lita 20, yaani kilo 54 za hewa ukaa kwa tripu moja. Lori hilo likiwa na tani 7, kila tani imegharimu chini ya kilo 8. Likiondoka na tani 4 kwa sababu zamu imekwisha, au kwa sababu mitaa liliyopangiwa siku hiyo haikuwa na taka za kutosha kulijaza, kila tani imegharimu kilo 13.5. Barabara ni ileile na dereva ni yuleyule. Ndiyo maana naamini kwamba katika mji kama huu kupanga njia kunapaswa kuanza na swali la lori linajaa wapi na saa ngapi, na mpangilio wa kona za mitaani ufuate baadaye.

Mitaani nako kuna cha kuokoa. Lori la taka husimama kila baada ya mita chache injini ikiwa inanguruma, na lile la kushindilia huendesha mtambo wake kwa nguvu ya injini hiyohiyo, hivyo kilomita moja ya mtaani hunywa dizeli nyingi kuliko kilomita moja ya barabara kuu. Wanahisabati wameishughulikia kazi hii kwa muda mrefu: mwaka 1959 George Dantzig na John Ramser walichapisha njia ya kupanga safari za malori ya petroli, na mwaka 1974 Edward Beltrami na Lawrence Bodin wakaandika kuhusu kupanga njia za ukusanyaji wa taka za mijini. Leo zipo programu huria zinazoifanya hesabu hiyo kwenye kompyuta ya kawaida, mradi zipewe ramani sahihi. Ramani tunayo. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwakusanya wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa, wakachora barabara, nyumba na mifereji katika kata nyingi za jiji, na kazi yao ikawekwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyo wazi kwa wote, ambako halmashauri au mzabuni yeyote anaweza kuichukua bila malipo. Ramani hiyo ikaguliwe pamoja na madereva na mautingo, kwa kuwa wao ndio wanaojua uchochoro upi haupitiki wakati wa masika na soko lipi hujaza kontena kabla ya saa nne asubuhi.

Jambo moja linanitia hofu. Kompyuta ikiagizwa kupunguza kilomita tu, itaanza kuziruka sehemu za Tandale na Manzese ambako lori haliingii kwa urahisi, na taka zikibaki huko zitachomwa uani au zitaishia Mto Msimbazi. Maeneo hayo yapewe maguta na mikokoteni ya kufikisha taka kwenye vituo ambako lori linapita kwa saa inayojulikana, na idadi ya kaya zinazohudumiwa iwe sharti lisiloguswa katika hesabu.

Aidha, sehemu kubwa ya taka zetu ni mabaki ya vyakula na mazao: mzigo mzito wenye maji mengi, ambao ukifukiwa pasipo hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Taka za masoko ya Kinondoni zikitenganishwa sokoni na kupelekwa kwenye kiwanda cha mboji cha Mabwepande, safari ya Pugu inaondolewa na methani inapungua kwa pamoja.

Haya yote yanahitaji takwimu, na mahali pa kuzidai ni kwenye mkataba. Halmashauri inapotangaza tenda ya uzoaji taka, imtake mzabuni aandike kwa kila tripu kilomita alizotembea, lita alizotumia na uzito aliomwaga, kisha taarifa hiyo ibandikwe kila mwezi kwenye ofisi za serikali za mitaa, ambako wakazi wanaolipa ada ya taka wanaweza kuisoma na kuuliza maswali.