Wa pili kushoto

Wiki ya kwanza ya fildi kwenye shirika la habari sikushika kamera hata mara moja. Nilipewa meza ya pembeni, jirani na mlango wa choo, niandike maelezo ya picha walizopiga wenzangu. Mimi niliyepanda basi kutoka Dodoma na kamera ya kuazima kwa binamu, nikijiona Mohamed Amin mwingine, yule mpigapicha maarufu wa Kenya! (Camerapix, kampuni yake ya picha, aliianzishia hapa hapa Dar mwaka 1963, kabla ya Nairobi. Ofisini walilirudia hilo kila siku, utadhani walimshikia begi.)

Maelezo ya picha gazetini ni mistari miwili, watu wengi hawasomi. Ila shirika la habari linatuma picha kwa magazeti ambayo hayakuwa na mtu eneo la tukio. Mhariri aliyeko Mwanza atajuaje mwenye kofia ni nani? Atachapa ulichomwandikia. Kwa hiyo: nani, anafanya nini, wapi, lini, na hapo amefuata nini. Siku hiyo hiyo, na majina yote mawili. Mhariri wetu wa picha, mama mmoja asiyecheka kabla ya saa nne, alikuwa akinirudishia kazi kwa neno moja tu: "Lini?"

Pia hakutaka picha iguswe. Kukata pembeni sawa, kuongeza mwanga kidogo sawa. Nilipofuta nguzo ya umeme iliyoonekana kama imeota kichwani kwa mheshimiwa fulani, niliitwa mezani kwake. Nguzo ikarudi kichwani.

Wiki ya tatu nikaachiwa uzinduzi wa kisima, nje kidogo ya mji. Viongozi watano kwenye mstari, wanne kati yao wamevaa kaunda suti. Nikapiga, nikawafuata mmoja mmoja na kijitabu nikaandika majina kutoka kushoto. Kazi safi. Nisichokiona ni kwamba baada ya fremu ya kwanza mgeni rasmi alimvuta mkandarasi asogee karibu na bomba, na diwani akapisha. Fremu niliyoituma ilikuwa ya tatu. Majina yalikuwa ya fremu ya kwanza.

Kesho yake gazeti likatoka: mkandarasi kawa diwani, diwani kawa mkandarasi.

Simu ililia saa mbili asubuhi. Mama akaweka spika makusudi ili nisikie. Diwani hakufoka, na hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Alisema taratibu, "Binti yangu, sura hii ninayo mwaka wa 52 sasa." Nikaandika masahihisho mwenyewe, yakatumwa kwa magazeti yote yaliyopokea ile picha, na mchana sikula.

Aliyeniokoa ni mpigapicha mkongwe wa pale, nilikuwa namwita Anko. Hakunipa pole. Alinifundisha tu kwamba ukishaandika majina, piga picha ukurasa wa kijitabu hapo hapo, na watu wakisogea andika upya, piga tena. Kwenye kadi ya kamera majina yatakaa ubavuni mwa fremu yake. Na saa ya kamera iwe sahihi. Yangu ilikuwa nyuma saa tatu tangu binamu alipoinunua. Chuo miaka miwili hakuna aliyeniambia haya. Tulikuwa tunabishana habari za lenzi.

Mechi nilipelekwa moja, Uwanja wa Mkapa. Nilirudi na migongo ya mabeki.

Picha ninayoipenda niliipiga wiki ya mwisho, soko la samaki la Feri, kwenye kumi na mbili asubuhi. Mnada unapigiwa kelele, sakafu imelowa, giza halijaisha. Nilipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 3200 na bado moshi wa mafuta ulikuwa unakula mwanga. Kulikuwa na dada mmoja aliyekuwa akipanga samaki wa kukaanga kwenye beseni, vichwa vyote upande mmoja. Nilimpiga fremu sita, nikamwomba jina.

"Jina langu la nini, kwani nimeiba?"

Nikamweleza. Akafuta mkono kwenye kanga, akanitajia, kisha akataka nimsomee nilichoandika. Nilikuwa nimekosea herufi moja. Akanisahihisha, akasimama kuhakikisha kalamu imefuta kweli.

Samaki wake anawafungia kwenye magazeti ya zamani, rundo lilikuwa pale chini ya kigoda. Akachomoa moja, akanionyesha picha ya watu wamepanga mstari wakikabidhiana hundi.

"Hawa wote wameandikwa wa ngapi kutoka kushoto. Mimi wa ngapi?"

"Uko peke yako, dada."

"Basi wa kwanza. Andika."

Nikaandika, nikaupiga picha ukurasa.