Jioni Tulipoambiwa Jina la Mzee Ojwang

Binti yangu, ambaye siku hizi yuko chuo kikuu na amejifunza kushuku kila kinachotuchekesha sisi wazazi wake, alinionyesha kwenye simu kipande cha zamani cha Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Kenya, akakisimamisha katikati na kuniuliza: "Baba, huyu mzee si alikuwa anawadharau Waluo?" Nilimwambia anipe muda. Muda huo bado nautumia, maana swali lake lilinirudisha moja kwa moja Nakuru, kwenye nyumba za reli, mwaka 1992, nikiwa nimesimama nje gizani na kushikilia mlingoti wa antena.

Zile nyumba sitazieleza kwa kirefu. Inatosha kusema kwamba katika safu yetu televisheni ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya jirani yetu dereva wa treni, mzee wa Kiluo mwenye sauti ya kupigia injini kelele. Ilikaa ndani ya kabati la mbao lenye vijimlango viwili vya kusukuma pembeni na kufuli katikati, na juu yake kulikuwa na kitambaa cheupe alichokifuma mkewe kwa mkono, kilichoanguka kwa mbele kiasi cha kuficha ukingo wa kioo. Dereva mwenyewe ndiye aliyetunza ufunguo, kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la kazi. Alifungua polepole, makusudi kabisa, huku sebule nzima ikimtazama, halafu akakunja kile kitambaa mara mbili na kumkabidhi mkewe kama mtu anayekabidhi zamu. Baada ya hapo kioo kilichukua muda wake kupata joto, na kabla ya picha ilitangulia sauti.

Stesheni ya kutazama nayo ilikuwa moja. KTN ilikuwa imeanza Nairobi mwaka 1990, lakini kwetu ilikuwa habari ya kusimuliwa tu na waliosafiri. Sisi tulikuwa na KBC, ambayo wazee waliendelea kuiita Sauti ya Kenya ingawa jina lilikuwa limebadilika tangu 1989. Jioni ya Vitimbi watu walijaa mpaka mlangoni: wakubwa kwenye viti, akina mama kwenye mkeka, watoto sakafuni mbele kabisa, na mvulana mmoja nje kwenye antena, kwa sababu upepo ulioshuka kutoka Menengai haukuiacha itulie. Mvulana huyo mara nyingi nilikuwa mimi. Nilikuwa katika ule umri ambao umeshapita kukaa sakafuni lakini haujafikia kupewa kiti.

Kwa hiyo Vitimbi nilivisikia kuliko nilivyoviona, na huenda ndiyo sababu sauti za waigizaji wale zimenikaa kichwani kuliko sura zao. Kulikuwa na Mzee Ojwang Hatari mwenyewe, na Mama Kayai aliyeweza kumkatiza kwa neno moja akasahau alikuwa anasema nini. Kulikuwa na Masaku, Mogaka, Maliwaza na Othorong'ong'o Danger. Ukiongeza wale wa kipindi kingine cha vichekesho, Vioja Mahakamani, akina Makokha, Ondiek Nyuka Kwota na Masanduku arap Simiti, utaona kwamba karibu kila pembe ya nchi ilikuwa na mtu wake mbele ya kamera, naye alitambulika kwa jinsi Kiswahili kilivyomponyoka mdomoni. Ojwang alizungumza Kiswahili cha Mluo wa kijijini, kile ambacho shida hugeuka sida na gazeti hugeuka gaseti, na alikizungumza kwa uhakika kiasi kwamba hakuna aliyefikiri kuwa ni kazi. Tulidhani wamemchukua mzee kutoka Siaya na kumwambia aendelee na maisha yake.

Aliyedhani hivyo kuliko wote, au ndivyo ilivyoonekana, alikuwa mwenye televisheni. Dereva alitueleza kwamba Ojwang ni mtu wa Alego, huko huko Siaya, tena wa upande wa mama yake, na kwamba waliwahi kukutana kwenye matanga. Kila kipindi kilipokwisha aliongeza kitu: boma lake liko wapi, ng'ombe wake wangapi, ugomvi wake na kaka yake kuhusu mpaka wa shamba. Hakuna aliyembishia. Ufunguo ulikuwa wake.

Lakini mwaka ule haukuwa mwaka wa kutaja asili ya mtu kwa wepesi. Mnamo Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilikuwa kimeondolewa na vyama vingi vikarudi, uchaguzi ulikuwa unakuja, na tangu miezi ya mwisho ya 1991 mapigano ya kikabila yalikuwa yakienea katika Bonde la Ufa. Molo si mbali na Nakuru. Tuliona watu wakishuka mjini na magodoro na masufuria, na ng'ombe mmoja mmoja aliyenusurika. Katika nyumba zetu hakuna aliyepigwa, nataka hilo lieleweke, lakini watu walianza kuzungumza kwa sauti ya chini, na jina la mgeni likawa linaulizwa kabla hajajibu salamu. Mama alitukataza kuongea Kiluhya tukiwa njiani. Sebule ya dereva ilibaki mahali pekee ambapo safu nzima iliendelea kukaa pamoja usiku, na nadhani kila mmoja alijua hivyo bila kukitaja.

Jioni ninayoikumbuka upepo ulikuwa mkali. Nilikuwa nimekumbatia ule mlingoti kwa mikono yote miwili, chuma chake baridi kimenigusa shavuni, na dirisha la sebule lilikuwa hatua chache kutoka nilipo, limefunguliwa kidogo ili nisikie amri. Amri zenyewe zilikuwa zile za siku zote: "Chenga! Geuza! Rudisha! Hapo hapo, usiguse!" Ndani, Ojwang alikuwa akimweleza Mama Kayai kwa nini pesa alizomwachia hazipo, na Mama Kayai alikuwa kimya kwa namna ambayo sisi sote tuliijua, ule ukimya unaotangulia radi. Watu walishaanza kucheka kabla hajafungua kinywa. Dereva akasema, kwa kujivuna kwake kwa kawaida, kwamba wanaume wa Alego hawajawahi kujua kuficha pesa.

Ndipo karani wa stesheni, Mkikuyu mpole aliyekuwa na tabia ya kusoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, akasema: "Mzee, huyo si wa Arego. Jina rake ni Wanjau. Benson Wanjau."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayesahihisha saa ya treni, na kwa lafudhi yake mwenyewe ambayo haikuwahi kuifahamu herufi l. Nilichosikia baada ya hapo ni televisheni peke yake. Mama Kayai sasa alikuwa amepasuka, akimfokea mumewe kwa mistari ambayo siku nyingine ingeangusha watu kwenye viti, na hakuna hata mtoto aliyecheka. Ojwang akajitetea, sebule bado kimya. Niliusikia mlango wa mle ndani ya televisheni ukibamizwa, nikasikia waya wa antena ukipiga ukuta, tap, tap, na nikaelewa, kwa akili ya mtoto wa mwaka ule, kwamba watu wazima wote wale walikuwa wanahesabu. Nani amekaa karibu na nani. Nani atainuka kwanza. Sikuweza kuchungulia kwa sababu ningeuachia mlingoti picha ingepotea, na kwa namna fulani niliamini kwamba picha isipopotea hakuna baya litakalotokea.

"Wanjau?" Hiyo ilikuwa sauti ya dereva.

"Wanjau, Mzee."

"Umesoma gaseti gani?"

Karani hakujibu, au alijibu kwa sauti ambayo upepo uliichukua. Halafu nikamsikia mama yangu, ambaye katika sebule ile hakuwa na mazoea ya kusema kitu, akiuliza jina la Mama Kayai. Karani akasema anaitwa Mary Khavere. "Khavere!" mama akapaza sauti, akasahau amri yake mwenyewe ya kutotaja kwetu. "Hilo ni jina letu sisi Waluhya!"

Kimya kingine, kifupi zaidi. Kisha dereva akasema, taratibu, kama anayetoa uamuzi wa baraza: "Kwa hivyo Mkikuyu ameoa Mluhya, na wote wawili wamekuja kukaa kwangu." Akasubiri kidogo. "Na mahari sijaona."

Sijui ni nani aliyecheka kwanza. Nimelifikiria hilo mara nyingi na sijui. Ninachojua ni kwamba kicheko kilikuja kwa pamoja na kilikuwa kikubwa kuliko chochote ambacho kipindi chenyewe kiliwahi kutuletea, na kwamba mtu mmoja alikohoa na kukohoa mpaka akapewa maji, na kwamba hakuna tena aliyejali chenga. Nilibaki nje nimeshika chuma kwa ajili ya watu ambao hawakuwa wanatazama.

Mengine yalikwenda haraka. Kabla ya uchaguzi wa tarehe 29 Desemba dereva aliwapeleka mke na watoto nyumbani kwao, na lile kabati la televisheni likasafiri nao. Karani alihamishwa, sikumbuki wapi. Sisi tulibaki mpaka baba alipopunguzwa kazini miaka ya baadaye. Hivyo siwezi kumwambia binti yangu kwamba Vitimbi viliiunganisha nchi, kama watu wanavyopenda kusema wanapowakumbuka waigizaji wale. Sebule iliyocheka jioni ile ilikuwa tupu kabla ya mwaka kwisha, na wengi wa waliochoma nyumba za wenzao huko nje bila shaka nao walikuwa wakimcheka Ojwang.

Wala siwezi kumwambia kwamba swali lake halina msingi. Shuleni kwetu kulikuwa na mvulana wa Kiluo ambaye wenzake walimwita Ojwang mpaka walimu wenyewe wakaanza kumwita hivyo, na wakati wa mapumziko alilazimishwa kutamka neno shilingi ili tucheke. Nasema tucheke kwa sababu nilikuwepo. Lafudhi ileile aliyoijenga mwigizaji kwa ustadi ilikuwa fimbo mikononi mwa watoto.

Na bado ustadi ule unanishinda kuutupa. Mkikuyu anayezungumza Kiswahili hujikwaa kwenye l na r, kama karani wetu; Mluo hujikwaa kwenye sh na z. Mzee Wanjau aliacha kujikwaa kwa watu wake na kujifunza kujikwaa kwa watu wengine, akadumu hivyo mbele ya kamera kwa miaka mingi, mpaka Waluo wenyewe wakamdai. Hiyo si kazi ya mtu aliyesikiliza nusu nusu. Huenda mtu akamsikiliza mwingine kwa makini namna hiyo na bado akamdharau, sijui. Mimi sijakutana naye wa hivyo.

Macho yalipoanza kumwishia uzeeni, Wakenya wa kila kabila walichanga fedha za kumtibu, na alipofariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, akiwa na umri wa miaka 78, magazeti yaliandika jina lake kamili na nilishangaa kuona watu wazima wakishangaa. Nilimpigia mama simu siku ile kumkumbusha jioni ya karani. Alikumbuka kila kitu, ila kwa namna yake. Kwanza aliniambia kwamba dereva alijua tangu mwanzo kuwa Ojwang si Mluo. Mkewe ndiye aliyemwambia mama, wakati wanachambua mboga, kwamba zile habari za Alego na ng'ombe na mpaka wa shamba mzee alikuwa anazitunga kwa raha zake, na kwamba alikuwa anasubiri aone ni nani katika safu ile atakayethubutu kumsahihisha.

Nikamwuliza, kama alijua, mbona basi alinyamaza muda mrefu vile. Mama akasema hakunyamaza hata kidogo, alijibu papo hapo, na kwamba mimi nilikuwa nje kwenye upepo na nisingeweza kusikia vizuri.