Kipande cha babu

Ijumaa usiku, Muheza

Yote haya yalianzia msibani. Mwaka jana tulipokuwa tunamtoa baba nyumbani kwenda kuzika, mzee mmoja, polisi mstaafu, alijilaza kizingitini akaziba mlango. "Mngoni huyu hatoki mpaka nilipwe!" akapaza sauti. "Kafa, haya, panya wangu sasa wataliwa na nani?"

Mzee yule ni Mhehe. Wahehe na Wangoni ni watani tangu wazee wao walipopigana vita karne ya 19, na mtani msibani ana ruhusa ya kufanya vituko. Hilo nalijua. Tatizo ni kwamba sisi si Wangoni. Mimi nimekua nikijua ni Mbondei wa hapa hapa Muheza, baba Mbondei, babu Mbondei. Nikadhani mzee wa watu kakosea msiba, au umri umemzidi.

Baadaye sana, matanga yameshaanuliwa, ndipo likanijia kichwani kwamba shangazi hakumsahihisha. Alifungua pindo la kanga, akatoa noti ya elfu mbili, akamtupia. Mzee akanyanyuka, akajifuta vumbi, jeneza likapita.

Mtu hamlipi mtani wa wenziwe.

Sasa nina likizo ya wiki mbili na nimeamua kuzimalizia hapa. Ni msimu wa machungwa, malori yamejaa sokoni, na mji mzima unanukia maganda. Nimeanza na karatasi, kama anavyoanza mtu aliyesoma. Cheti cha kuzaliwa cha baba alikichukua akiwa mtu mzima, alipotakiwa kukipeleka kazini, na kila kilichomo kilisemwa na shangazi. Jina la babu lipo: la Kiislamu, fupi, bila ukoo. Kwenye shamba la mkonge ambalo nilisikia babu "alikuwa karani", ofisi ya zamani haina paa. Mlinzi akanionyesha kabati la vitabu vya mishahara. Mchwa walikuwa wameshavisoma vyote.

Jumamosi

Leo nimeongea na mzee aliyefanya kazi kwenye korona, ule mtambo wa kusaga majani ya mkonge na kuacha singa. Nilimkuta barazani anasuka kamba. Nilipomtajia babu, akacheka.

"Karani? Babu yako alikuwa mkata. Na mkata hodari. Nani kakwambia karani?"

Akanieleza kazi ilivyokuwa, na nikaona vidole vyake vinakata hewani wakati anaongea. Unaingia shambani alfajiri, kabla jua halijawa kali. Unakata majani ya chini tu, ya juu unaacha mti uendelee kukua. Kila jani unalikata mwiba wa nchani, maana ule ukikuingia jichoni ndiyo basi tena. Unafunga thelathini thelathini, unabeba mafungu begani hadi kando ya reli ya troli. Maji ya mkonge yanawasha, ukirudi kambini unajikuna mpaka usingizi ukuchukue. Wenyeji, Wabondei na Wadigo, hawakuitaka kazi ile. Walikuwa na minazi yao na mihogo yao. Ndiyo maana wakata walitolewa mbali: Kigoma, Burundi, Msumbiji, Songea. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuajiri, kikaitwa SILABU, kikawa kinakwenda kuwazoa vijana huko mikoani ambako kodi ya kichwa inadaiwa na pesa ya kuilipia haipo. Ukishaandikwa unapewa namba. Ndiyo hao manamba.

"Kila kabila na kambi yake," akasema. "Waha kule, Wamakonde kule, Warundi kule. Babu yako alikaa kambi ya Wangoni, karibu na ule mwembe. Jumapili wakicheza lizombe, ngoma inasikika mpaka stesheni."

Nikamuuliza kwa nini basi nyumbani tuliambiwa vingine. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha.

"We ungependa uitwe mtoto wa manamba?"

Hapo nilinyamaza, kwa sababu neno hilo nimelitumia mwenyewe. Shuleni mtoto akija na shati lililochanika tulimwambia kavaa kama manamba. Nilimwambia hivyo mwenzangu mmoja darasa la tano, na alilia. Sikuwa najua namtukana babu yangu.

Nikirudi kwa miguu nimepita kando ya shamba. Kinachonishangaza ni kwamba hata mkonge wenyewe si wa hapa. Ni mmea wa Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto pale Pangani. Kwa hiyo miche 62 imekaa Tanga mpaka ikawa nembo ya mkoa na hakuna anayeiuliza kabila lake. Mtu aliyekuja kuikata ndiye aliyelazimika kuficha la kwake.

Jumapili

Shangazi nilimwendea baada ya adhuhuri, nikiwa na kilo ya sukari na maneno niliyoyapanga njia nzima. Sikuyatumia. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia, "Nasikia unazunguka mji unauliza wazee. Mimi umeniona nimekufa?"

Akaingia ndani akarudi na bati la biskuti lililoshika kutu. Humo mlikuwa na mkufu uliokatika, risiti za kodi, picha ya bibi na, chini kabisa, karatasi ngumu iliyokunjwa mara nne. Kipande.

Kwa asiyekijua: kipande kilikuwa kadi ya kazi yenye visanduku 30. Kila siku ukimaliza kazi uliyopimiwa, nyapara anakata kisanduku kimoja. Vikitimia 30 ndipo unalipwa mshahara. Ukiumwa, ukachoka, ukalala siku hiyo, hakikatwi. Kwa hiyo mwezi wa manamba haukuwa mwezi wa kalenda, ulikuwa mrefu kadiri ya mwili wake.

Kadi ya babu ina namba juu, kisha jina. Na jina lile silijui. Ni jina la mtakatifu wa Kijerumani, lile ambalo mpaka leo ukilisikia unajua mwenyewe katoka Songea, kwa Wabenediktini, wale watawa wa Kikatoliki wa misheni ya Peramiho. Mbele yake kuna jina la ukoo, la Kingoni bila shaka. Mwaka ni 1952.

"Alibadili dini apate kumuoa mama," shangazi akasema. "Babu yetu mzaa mama alimwambia, mimi simpi binti mtu wa kambini. Toka kambini, silimu, lima, halafu uje. Akatoka. Akapewa ekari ya machungwa kulima. Hii nyumba tuliyokaa, ndipo hapo."

"Na Songea hakurudi?"

"Arudi na nini? Kule alisema anaenda kutafuta kodi ya baba yake. Miaka ikapita. Aliona haya." Akanyamaza kidogo. "Usiku mwingine alikuwa anaongea peke yake Kingoni. Mama alitukataza tusimsikilize."

Nikamuuliza alijifunza hata neno moja. Akasema moja, halafu akasema hana uhakika kama alilitamka sawasawa, basi nisiliandike. Siliandiki.

Kwenda Songea ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Peramiho wanatunza vitabu vya ubatizo, na sasa nina jina la kuulizia. Nimeshapiga hesabu ya nauli. Shangazi anasema nikienda niende naye, magoti yake yakikubali. Kisha akasema hapana, niende peke yangu kwanza nione kama watatupokea. Kisha akasema tena twende wote.

Wakati anachemsha chai nilikuwa nahesabu visanduku vilivyokatwa. Ishirini na mbili. Nilidhani hatajali, nikamwambia tu kama kichekesho: babu alitoroka kabla ya kumaliza kipande, kwa ajili ya mapenzi.

Shangazi aliweka sufuria chini. Akachukua miwani yake, akaiweka kadi karibu na dirisha, akaanza kuhesabu mwenyewe kwa kidole, polepole, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akarudia tangu mwanzo.

"Ishirini na mbili," akasema. "Siku ishirini na mbili baba yangu kakata mkonge wao. Sasa hizi nani alimlipa?"