Glasi zilivunjika jikoni, Kiingereza changu nacho kikavunjika

Naanza kazi ya kuosha vyombo kwenye hoteli moja hapa London nilikuwa na neno moja tu la kitu kilichovunjika, "piece". Kikombe piece, mkate piece, ukuta piece. Wiki ya pili nikaangusha trei nzima ya glasi, jiko lote kimya, mara shefu anapiga kelele "mind the shards!" na mimi nageuka dirishani kutafuta lile jengo refu la The Shard, nadhani ndo anatuonyesha 😂

Kumbe shard ni kigae, na jengo ndo limepewa jina hilo. Wakati bado liko kwenye ramani English Heritage, taasisi ya kulinda majengo ya kale, walilipinga, wakasema litakuwa kigae cha kioo kilichochomwa kwenye moyo wa London ya kale, na lile tusi ndo likageuka jina. Likakamilika 2012, mita kama 310, linaitwa kigae mpaka leo.

Shard lenyewe ni neno la kale sana, undugu wake ni "shear", kukata. Wachimbaji wa mambo ya kale wao wanasema "sherd" kwa vigae vya vyungu, na hapo nikakumbuka nyumbani Kilwa, ukitembea ufukweni kule Kisiwani unakanyaga vigae vya sahani za Kichina za karne na karne, sie watoto tulikuwa tunavipakulia michanga kwenye mchezo wa kupikapika, hatujui kama wazungu wanapanda ndege kuja kuvihesabu.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja wa Ireland tunaosha naye, ndo aliyenisaidia kuzoa zile glasi, akasema zimekuwa "smithereens". Nikalipenda hilo neno! Inasemekana limetoka Kiayalandi, smidiríní, na ile "ín" ya katikati kazi yake ni kudogosha kitu, yaani sawasawa na "ki" yetu ya kijiko na kijiti. Vijipande. Na halina umoja, hutasikia mtu kaokota smithereen moja, kikivunjika hivyo basi ni wingi tu.

"Bit" limetokana na kung'ata, "morsel" pia kung'ata ila limezungukia Ufaransa kwanza. Hapo tuko pamoja, maana na sisi mkate tunaumega na kinachotoka ni mmego. "Crumb", chembe ya mkate, ndo lilinitesa darasani, niliandika bila b mwalimu akakata, baadaye nikaja kujua zamani hiyo b haikuwepo kabisa, ni watu waliichomeka tu huko mbele na hata wao wenyewe hawaitamki. Maksi zangu lakini hazikurudi.

Kibanzi ni "splinter", hilo nililijua kwa damu, kreti la mboga lilinichoma kidole nikaenda kwa mtu wa huduma ya kwanza nikamwambia nina mti mdogo mkononi. Alinitazama sana.

Juzi mama kapiga simu, namsimulia haya yote, akauliza, haya mwanangu, na chenga wanaziitaje? Nikakwama. Jumamosi nikapita duka la Waafrika kwenye mchele nikasoma mfuko, "broken rice". Basi. Maneno yote yale, kwenye chenga wameishiwa. Nikampigia palepale dukani, alicheka mpaka salio likaisha.