Ka ya Washani na ve yetu

Wazee wanaoniletea tenzi za herufi za Kiarabu nizichape, hapa Langoni, Lamu, swali lao ni moja: "Mwanangu, hii pe ya nukta tatu itaonekana kwenye simu ya kijana wangu kule Jeddah?" Itaonekana, mzee. Katika Unikodi, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi nambari yake kwenye kompyuta na simu, ina nambari yake, 067E, na kwa kuwa Waajemi na Wapakistani wanaitumia kila siku, hakuna simu isiyoijua. Sisi tumedandia tu.

Washani wa mashariki mwa Myanmar hawakupata pa kudandia. Herufi zao ni za mviringo kama za Kiburma, lakini ka yao, ၵ, ni yao wenyewe. Za Kiburma ziliingia Unikodi mwaka 1999. Ka hii ikangoja hadi toleo la 5.1, mwaka 2008, ikapewa 1075.

Kumbe kupewa nambari si kuachiwa. Kiburma kina herufi ndogo zinazokaa chini ya nyingine. Unikodi hutumia alama isiyoonekana, 1039, kuiambia kompyuta: inayofuata iteremshe chini. Fonti ya Zawgyi, iliyoenea karibu simu zote za nchi ile, haikufuata njia hiyo. Kila umbo dogo ililitafutia nambari, ikajichukulia zile za Washani, Wamoni na Wakareni. Kwenye 1075 ikaweka da ndogo ya chini. Basi Mshani wa Taunggyi akiandika ka, mwenye Zawgyi anaona kida kinaning'inia chini ya hewa. Ni kama kushika hatimiliki ya kiwanja na kukuta mtu kashaezeka nyumba. (Watu wa Lamu, hayo ya hatimiliki tusiyaanze leo.)

Tarehe 1 Oktoba 2019 Myanmar ilihamia rasmi Unikodi. Lakini maandishi ya zamani yapo, na nambari moja sasa ina maana mbili, kwa hiyo programu ya kugeuza Zawgyi kuwa Unikodi inabidi ikisie. Ikikisia vibaya, Kishani kilichoandikwa sawasawa ndicho kinachoharibiwa. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi: anayefuata utaratibu ndiye anayeumia.

Ndiyo maana mteja akiniletea faili yenye fonti ya madoido, sitazami umbo kwanza. Naweka kishale baada ya ve, ile fe ya nukta tatu, nabonyeza Alt na X kwenye Word, nambari yake inatokea. Ikitoka 06A4, ambayo ndiyo ya ve katika Unikodi, tunaongea bei. Ikitoka nyingine, naichapa upya, na hiyo ina bei yake.